Kutoka Kipande hadi Makadara: Karne Moja ya Kuongeza Mahakimu

Mkazi wa Donholm akikamatwa Ijumaa usiku, familia yake haina haja ya kuuliza sana: Jumatatu asubuhi itamkuta katika Mahakama za Makadara, mashariki mwa Nairobi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinaamuru mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, apelekwe siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Kwa hiyo wote waliokamatwa wikendi hufikishwa kwa mkupuo. Magari ya polisi hutoka Buruburu, Embakasi, Kayole na Shauri Moyo yakiwa yamejaa. Aliyepigana kwenye baa, aliyepatikana na misokoto ya bangi, kondakta aliyezidisha abiria na kijana anayeshtakiwa wizi wa mabavu, wote husubiri majina yao yasomwe. Karani huwasomea mashtaka kwa Kiswahili, kila mmoja hujibu kama ni kweli au si kweli, hakimu huandika, faili moja hufungwa na nyingine hufunguliwa.

Kila mara foleni hii inaporefuka, jibu linalotolewa ni lile lile: mahakimu waongezwe. Naliunga mkono jibu hilo. Hakimu mmoja hawezi kusikiliza mashahidi wa kesi nne kwa wakati mmoja, na mtu aliye rumande hali matumaini. Lakini Nairobi imekuwa ikiongeza, ikipunguza na kubadilisha mahakimu kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia hiyo ina somo tunalolikwepa. Mzigo wa kesi za jinai huanza mbali na meza ya hakimu. Huanzia katika sheria inayomfanya mtu wa kawaida kuwa mhalifu, na katika kituo cha polisi ambako faili hufunguliwa. Kila kizazi kilichoongeza mikono mezani bila kugusa mambo hayo mawili kilijikuta na foleni ile ile, na mara nyingine haraka ya kuimaliza ikawamaliza watu.

Mkuu wa wilaya aliyekuwa kila kitu

Katika pwani ya Kenya, kabla ya utawala wa Waingereza, mashauri yalikuwa mikononi mwa makadhi na maliwali chini ya Sultani wa Zanzibar. Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1895, iliwaacha hao waendelee na kazi katika ukanda wa pwani. Bara ikajenga mfumo wake. Amri iliyotolewa London mwaka 1897 iliweka mahakama za kikoloni, na sheria za jinai zikaletwa kutoka India, zikatumika hadi 1930 Kenya ilipopata Kanuni yake ya Adhabu. Kanuni hiyo, pamoja na marekebisho yote iliyopitia, ndiyo mama wa mashtaka mengi yanayosomwa kortini hadi leo.

Hakimu alikuwa nani katika mfumo huo? Nje ya miji mikubwa, alikuwa mkuu wa wilaya. Afisa yule yule aliyekusanya kodi ya kibanda na kusimamia askari na jela ndiye aliyeketi kumsikiliza mtu aliyeshindwa kulipa kodi hiyo. Wengi wa maafisa hao hawakuwa wanasheria. Serikali iliona hiyo kuwa njia rahisi: mshahara mmoja, kazi nne.

Ubaya wa urahisi huo ulionekana mapema. Mwaka 1933 serikali ya Uingereza iliunda tume iliyoongozwa na H. G. Bushe, mshauri wa sheria wa Wizara ya Makoloni, ichunguze jinsi kesi za jinai zilivyoendeshwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ripoti yake ya 1934 ilipendekeza mambo ambayo leo tungeyaona ya kawaida kabisa: mamlaka ya Mahakama Kuu yafike wilayani, na mahakimu waliosomea sheria wachukue nafasi ya wakuu wa wilaya katika kesi nzito. Magavana walipinga. Walidai kwamba mkuu wa wilaya asiyehukumu angepoteza heshima mbele ya wenyeji, na kwamba mawakili na taratibu zao zingeleta ucheleweshaji. Sehemu kubwa ya mapendekezo ikawekwa kando.

Hapo ndipo palipozaliwa tabia ambayo nchi haijaiacha. Serikali ilipolazimika kuchagua kati ya hakimu anayejitegemea na hakimu anayemaliza kesi haraka, ilimchagua wa pili.

Kipande kinajaza korti

Wakati huo Donholm ilikuwa shamba la mlowezi, la ng'ombe wa maziwa, na barabara tunayoiita leo Jogoo ilijulikana kama Doonholm. Kandokando ya barabara hiyo na karibu yake ndiko mitaa ya Waafrika ilikokuja kujengwa kwa awamu: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho. Mwafrika alihesabiwa mjini kama mfanyakazi wa kupita. Akiwa na kazi alivumiliwa. Akiipoteza, aliweza kukamatwa kwa kuwa tu yupo.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na majina ya waajiri wake, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kutembea bila kipande lilikuwa kosa la jinai. Kumwacha mwajiri kabla ya mkataba kwisha pia lilikuwa kosa la jinai, jambo ambalo kwa Mzungu lingekuwa daawa ya madai. Ongeza hapo uzururaji, kodi, pombe iliyopikwa bila leseni na kukaa mjini bila ruhusa. Orodha hiyo peke yake ilitosha kujaza korti yoyote.

Watu waliuelewa mtego huo. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande na kodi vilikuwa mbele katika madai yake, na umati uliokusanyika Nairobi tarehe 16 kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi na polisi. Mfumo wa kipande uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini mazoea yalibaki: polisi anafanya msako mtaani jioni, lori linajaa, na asubuhi hakimu anapokea mstari wa watu ambao kosa lao kubwa ni umaskini.

Hebu tujiulize: serikali ya kikoloni ingewaajiri mahakimu mara mbili ya iliokuwa nao, hali ingebadilika vipi? Watu wengi zaidi wangehukumiwa kwa siku moja, basi. Foleni ya kipande haikusababishwa na uhaba wa mahakimu. Ilisababishwa na kipande, na iliisha kilipoondolewa.

Haraka ya 1953

Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, ilionyesha sura mbaya zaidi ya uteuzi wa dharura. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa huko Kapenguria mwaka 1952, serikali ilimchukua jaji mstaafu, Ransley Thacker, ikampa cheo cha hakimu ili asikilize kesi hiyo. Aprili 8, 1953 aliwatia hatiani na kuwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Miezi michache baadaye ikabainika kasoro ya ajabu: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, wakati Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama ya juu ya Kenya ikasema hakuwa na mamlaka. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo, na wafungwa wakabaki gerezani. Kesi nzito kuliko zote katika historia ya koloni iliyumba kwa sababu ya karatasi ya uteuzi iliyoandikwa kwa pupa.

Wakati huo huo, baada ya mauaji ya Lari ya Machi 26, 1953, mamia ya washukiwa walirundikana, na majaji waliokuwapo hawakutosha. Serikali ikaunda katikati ya mwaka huo mahakama maalumu za Hali ya Hatari na kuwapandisha watu kukaimu ujaji. Hatua ya uchunguzi wa awali mbele ya hakimu, iliyokuwa kinga ya mshtakiwa katika kesi za kunyongwa, ikaondolewa ili kuokoa muda. Makosa ya kunyongwa nayo yakaongezwa: kulisha kiapo, kupatikana na risasi, kuandamana na wapiganaji. Hadi vita vinakwisha, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu.

Kwa maelfu wengine, hata hiyo korti ya haraka haikuitwa. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kuichambua mitaa ya Eastlands, mashariki ya jiji, nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wakipitia Lang'ata kwenda Mackinnon Road na Manyani, bila mashtaka wala hakimu. Kitabu cha mahakama hakikuonyesha mrundiko wowote wa kesi zao, kwa kuwa hazikuwako. Yeyote anayepima haki kwa idadi ya faili zilizofungwa akumbuke siku hiyo: faili huweza kuwa sifuri na haki ikawa sifuri pia.

Mahakama moja kwa wote

Uhuru ulileta mabadiliko makubwa ya kweli. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na mahakama za Waafrika zilizokuwa zimetengwa kwa misingi ya rangi zikafutwa. Tangu hapo mkulima wa Machakos, mfanyabiashara wa Kihindi wa Ngara na mlowezi wa Karen walisimama mbele ya hakimu wa aina moja. Mwaka uliofuata Kitili Mwendwa akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika. Mahakimu wa wilaya waliwekwa katika madaraja matatu, wengi wakitoka katika mahakama za zamani au wakipewa mafunzo mafupi, na juu yao wakawapo mahakimu wakazi waliosomea sheria. Mwaka 1982 Effie Owuor, ambaye alikuwa amewahi kuketi kama hakimu, akawa mwanamke wa kwanza kufikia ujaji nchini.

Hata hivyo jiji lilikimbia kuliko mahakama. Sensa ya 1969 iliwahesabu wakazi wa Nairobi 509,286. Buruburu na Umoja zikajengwa katika miaka ya 1970, na lile shamba la Donholm likaanza kukatwa viwanja na kujengwa nyumba za watu wa kipato cha kati katika miaka ya 1980. Baadaye Savannah, Greenfields na magorofa ya kupangisha yakajaza nafasi zilizosalia. Sensa ya 2019 ilikuta watu 4,397,073 Nairobi, na 988,808 kati yao wakiwa katika Embakasi peke yake. Kwa maneno mengine, kipande kimoja cha mashariki ya jiji leo kina watu karibu mara mbili ya Nairobi nzima ya 1969.

Watu wakiongezeka, migogoro huongezeka. Hilo halina lawama, na ndilo hoja ya haki ya kuongeza mahakimu. Lakini sheria zilizotumiwa dhidi ya watu hao wengi zilikuwa na mizizi ya kikoloni. Kulewa na kuleta fujo, uzururaji, kuuza nyanya kando ya barabara bila leseni ya kanjo (halmashauri ya jiji), vyote viliendelea kuwa makosa ya kumpeleka mtu kizimbani. Mwaka 1997 sheria ya kikoloni ya uzururaji ilifutwa, lakini Kanuni ya Adhabu ikabaki na makosa ya jamii hiyo hiyo.

Anayeleta faili mbele ya hakimu

Kwa miongo mingi, kiongozi wa mashtaka katika korti ya hakimu alikuwa polisi. Kituo kilichomkamata mtu ndicho kilichomshtaki, na mwenzake aliyevaa sare ile ile ndiye aliyesimama kuiendesha kesi. Sheria ilitaka polisi huyo awe na cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha kesi nzito kwa sababu iliendeshwa na koplo. Uamuzi huo uliwafungulia mlango wafungwa wengine waliokuwa wameshtakiwa kwa namna hiyo, na kesi nyingi zikavunjika katika rufaa. Waathiriwa wa uhalifu, waliokuwa wametoa ushahidi wao kwa machozi, walijikuta mahali walipoanzia. Hakimu alikuwapo, mashahidi walikuwapo, hukumu ilitolewa. Kilichokosekana kilikuwa mwendesha mashtaka mwenye sifa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshaona jinsi korti ya hakimu inavyoweza kutumika vibaya ikiwa na kasi. Mwaka 1986 na 1987, watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walizuiliwa na kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakapelekwa kortini jioni, wengi bila wakili, wakakubali makosa na kufungwa ndani ya dakika chache. Kwa kipimo cha kasi, zile zilikuwa kesi zilizofaulu mno. Nchi inazikumbuka kwa aibu.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuukata mnyororo huo. Kifungu cha 157 kilianzisha ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hatua kwa hatua wanasheria wakachukua nafasi ya polisi mbele ya mahakimu. Kifungu cha 50 kikampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa pasipo sababu ya maana. Kifungu cha 159 kikasema wazi kwamba haki haitacheleweshwa. Na uteuzi wa mahakimu ukaachwa mikononi mwa Tume ya Huduma za Mahakama moja kwa moja, bila sahihi ya Rais.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji wapya, na Rais Uhuru Kenyatta akakaa na orodha kwa takriban miaka miwili. Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa baada ya Rais William Ruto kuingia madarakani Septemba 2022. Kwa mahakimu hakuna mlango wa Ikulu wa kubisha. Kwa hiyo mahakimu wasipotosha, sababu hutafutwa kwenye bajeti na mipango.

Kupunguza, kuongeza, kuhamisha

Lakini kabla ya kuongeza kulikuwa na kupunguza. Mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitoa ripoti iliyowatuhumu kwa ufisadi majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa, 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254. Tazama tarakimu hiyo ya mwisho. Nchi nzima ilikuwa na mahakimu 254, na karibu theluthi yao wakanyoshewa kidole kwa wakati mmoja. Baada ya Katiba mpya, bodi iliyoongozwa na Sharad Rao iliwapiga msasa majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini. Usafi huo ulihitajika, kwa kuwa hakimu anayenunuliwa huongeza mrundiko. Huahirisha kesi isiyo na sababu ya kuahirishwa, na faili hupotea ikihitajika na kupatikana ikilipiwa.

Jaji Mkuu Willy Mutunga alizindua mpango wa mageuzi mwaka 2012, na mahakimu wapya wakaajiriwa. Kisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ikawaongezea kazi: hakimu mkuu akaruhusiwa kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na hakimu mkazi hadi milioni 5, juu ya mashauri ya ardhi na urithi. Nia ilikuwa njema, kumwondolea mwananchi safari na gharama ya Mahakama Kuu. Lakini hakimu yule yule anayeingoja faili ya wizi wa simu sasa ana faili ya shamba na ya marehemu mezani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanayotakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, imekuwa msaada upande huo.

Upande wa jinai una mzigo wake wa kipekee. Kesi ya mauaji huenda Mahakama Kuu, na mshtakiwa hupewa wakili anayelipwa na serikali. Wizi wa mabavu, ambao sheria imeuwekea adhabu ya kifo, husikilizwa na hakimu, na mara nyingi mshtakiwa hujitetea mwenyewe kwa maneno anayoyajua. Hakimu mwenye foleni ndefu mlangoni anaombwa apime maisha ya mtu kati ya kesi mbili za ulevi.

Na kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni: uhamisho. Kesi ikiwa imesikilizwa nusu na hakimu akahamishwa, kifungu cha 200 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba anaweza kuomba mashahidi waitwe tena. Ni haki yake, kwa kuwa hakimu anayeamua anapaswa kuwa amemwona shahidi uso kwa uso. Lakini shahidi wa Donholm aliyeibiwa miaka mitatu iliyopita amehama nyumba na kubadilisha nambari ya simu. Daktari aliyejaza fomu ya P3 yuko hospitali nyingine. Polisi mpelelezi amepelekwa Turkana. Kesi inaanza upya na haina watu. Uteuzi mpya unapofuatana na uhamisho wa jumla, nchi inaweza kupata mahakimu zaidi na hukumu chache zaidi kwa mwaka mzima.

Majirani walivyofanya

Tanzania ilichagua njia ya kuishusha korti chini kabisa. Muundo uliowekwa baada ya uhuru uliunda mahakama za mwanzo, zinazoendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akikaa na washauri wa baraza, na kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa humo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto kimekuwa kikiwaandaa mahakimu na watumishi wa korti hizo. Mfumo huo una udhaifu wake, kwani mshtakiwa asiye na wakili anaweza kuonewa, lakini ulielewa jambo la msingi: kesi ndogo imalizwe karibu na nyumbani, kwa lugha ya watu, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo hasa.

Uganda ilijaribu mwaka 2014 kupanua mapatano ya kukiri makosa, chini ya Jaji Yorokamu Bamwine, ili mahabusu waliokaa muda mrefu wamalize kesi zao kwa hiari. Kenya ilikuwa imeyaingiza mapatano hayo katika sheria mwaka 2008, na adhabu ya huduma kwa jamii mwaka 1998. Zana zimo kwenye sanduku. Zinatumika kidogo kuliko zinavyopaswa.

Na kutoka Arusha, Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake. Nchini, ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai uliochapishwa 2017 chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulikuwa umeonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa idadi: sehemu kubwa ya kesi zinazopita katika mfumo ni za makosa madogo. Ni urithi wa kipande, uliovaa nguo nyingine.

Hema la Makadara

Juni 13, 2024, hakimu Monica Kivuti alikuwa akiendesha kazi katika korti ya muda, ndani ya hema, kwenye uwanja wa Mahakama za Makadara. Alikuwa ametoa uamuzi wa kufuta dhamana ya mshtakiwa aliyekosa kufika kortini. Afisa wa polisi, mume wa mshtakiwa huyo, alichomoa bastola na kumpiga risasi. Polisi waliokuwa wakilinda walimuua mshambuliaji, na baadhi yao wakajeruhiwa. Hakimu Kivuti alifariki dunia siku chache baadaye kutokana na majeraha.

Hasira iliyofuata ilielekezwa, kwa haki, kwenye usalama wa mahakimu. Lakini tunaoishi upande huu wa jiji tunapaswa kuuliza pia kuhusu hema. Hakimu huyu alikuwa mmoja wa wale tuliowaomba, aliyeajiriwa, akapangiwa kituo na kupewa faili. Hakuwa na ukuta. Hakuwa na mlango wa nyuma wala jukwaa lililoinuka linalomtenga hakimu na watu wanaofika mbele yake. Tulimwongeza mtu bila kumjengea mahali pa kufanyia kazi, na pengo hilo likamwacha wazi mbele ya bastola. Kifo chake kinaonyesha waziwazi kuliko takwimu yoyote kwamba kuteua hakimu ni mwanzo wa wajibu wa dola kwake.

Kazi ya korti moja ya jinai inahitaji mlolongo kamili. Hakimu akiwapo na kiongozi wa mashtaka asiwepo, kesi haiendi. Wote wawili wakiwapo na ripoti ya Mkemia wa Serikali ikawa haijafika, kesi ya bangi haiendi. Ripoti ikiwapo na shahidi hajapelekewa samansi, haiendi. Kila pengo huandikwa kwa neno moja kwenye faili, kuahirishwa, na mtu aliye rumande hurudishwa gereza la rumande la Industrial Area kungoja tarehe nyingine. Kuwaongeza mahakimu peke yao katika mlolongo huo ni kama kuongeza wachota maji katika jahazi lenye tundu: wanahitajika, lakini jahazi halitafika mpaka tundu lizibwe.

Tunachopaswa kudai

Historia hii inatupa madai ya wazi. Tume ya Huduma za Mahakama inapotangaza nafasi za mahakimu, itangaze pia vyumba vya korti, makarani na walinzi wa kila nafasi. Hazina ya Mahakama imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2022, na wabunge wanaopunguza bajeti yake waelewe kwamba wanapunguza siku za watu rumande. Hakimu asihamishwe kabla ya kumaliza kesi alizokwisha kusikiliza mashahidi wake, ila kwa sababu ya lazima. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ipewe wanasheria kwa uwiano na mahakimu wanaoajiriwa, na itumie mamlaka yake kukataa faili zisizo na ushahidi kabla hazijafika kizimbani.

Dai kubwa kuliko yote linawahusu watunga sheria. Bunge lifute makosa ya uzururaji na ndugu zake yaliyobaki katika Kanuni ya Adhabu. Bunge la Kaunti ya Nairobi liyatoe makosa ya leseni na uchuuzi katika jinai, yalipiwe faini ofisini kama ada nyingine yoyote. Polisi wa Buruburu na Embakasi waache kuuhesabu msako wa Ijumaa kama mafanikio. Kila mchuuzi asiyepandishwa kizimbani ni nusu saa inayorudi kwa mama aliyeporwa na kupigwa, anayengoja ushahidi wake usikilizwe.

Kipande kiliwasumbua babu zetu kwa takriban miaka thelathini, na hakikukomeshwa na hakimu yeyote. Kilikomeshwa na watu waliokataa kukubali kwamba kutembea katika jiji lao ni uhalifu, wakalisema hilo hadharani, mwaka baada ya mwaka, hadi sheria ikabadilika. Sisi wa Donholm, Umoja na Kayole tuna wabunge na wawakilishi wa wadi tunaowachagua wenyewe, haki ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Wakija kutuomba kura na kutuahidi mahakimu wapya, tuwaambie tunawataka, kisha tuwatake wataje kwa jina makosa watakayoyafuta.